Tathmini ya Darsa ya Wasiooa na Wasioolewa, Darajani

Darsa ninayoitathmini hapa hufanyika ghorofani katika nyumba moja ya wakfu, si mbali na soko la Darajani, kila Jumamosi na Jumapili baada ya sala ya Alasiri hadi karibu na Magharibi, kwa muda wa wiki 6. Ada yake ni shilingi 20,000, na ndani ya ada hiyo mna kitini cha kurasa 40 na chai ya maziwa kila kikao. Imekusudiwa kwa watu wazima ambao hawajapata kuoa au kuolewa, pamoja na waliotalikiwa na waliofiwa, na tangazo lake linaahidi kuwafundisha namna ya kuihifadhi nafsi na kuutuliza moyo katika kipindi cha kusubiri. Sitaitaja taasisi inayoiendesha, kwa sababu baadhi ya niliyonayo ya kusema si ya sifa, na walimu wenyewe ni watu wanaojitolea, ambao nitaendelea kukutana nao sokoni. Msomaji ajue pia ninapotokea: mimi ni mwanamke nisiyepata kuolewa, niliyekwisha kuuvuka umri ambao majirani huuliza "lini tunakula pilau?" na kuufikia ule ambao hawaulizi tena.

Mafunzo ya ndoa si haba hapa Unguja. Bibi harusi ana somo wake wa kumfunda, ana singo, hina na udi, na siku hizi ana semina za msikitini pia. Bwana harusi naye hukalishwa na wazee akapewa nasaha. Mafunzo hayo yote, hata hivyo, huanza pale posa inapokubaliwa. Kijana ambaye mshahara wake hauwezi kubeba mahari, sanduku na ukumbi, au mwanamke ambaye posa haikumjia, au ilikuja na baba akairudisha, huambiwa mambo mawili tu, asubiri na afunge, kisha watu hugeuzia mazungumzo kwingine. Kwa hiyo kule kukaa tu na watu hawa, kwa jina lao, na kuwasemesha kama watu wazima wenye miili, ni jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanywa hadharani, na kwa hilo darsa hii inastahili shukurani kabla ya lawama yoyote.

Vikao vya mwanzo vinahusu matamanio, na ndivyo vilivyo bora kuliko vyote. Maalim alianza na hadithi ya Abdullah bin Masoud iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) anawaambia vijana kwamba mwenye uwezo wa kuoa na aoe, na asiyeweza afunge, kwani saumu itakuwa kinga kwake. Wengi wetu tuliijua hadithi hiyo kwa moyo. Ambalo hatukulijua ni namna Maalim alivyoiweka pamoja na aya za 32 na 33 za Surat Nur. Aya ya 33 inawaamrisha wasiopata cha kuolea wajizuilie mpaka Mwenyezi Mungu awatajirishe kwa fadhila zake, na hiyo ndiyo husomwa mimbarini kila siku. Lakini aya iliyoitangulia inauamrisha umma uwaoze wasio na wenza walio miongoni mwao, na inaahidi kwamba wakiwa mafukara Mwenyezi Mungu atawatosheleza. Amri ya kwanza, alisema, ni ya wazee na mawalii wenye mamlaka ya kuozesha, na ya kijana imekuja baadaye. Kisha akaisimulia habari ya yule sahaba aliyeambiwa atafute japo pete ya chuma, akaikosa, akaozwa kwa sura za Qur'ani alizozihifadhi. Upande wa wanaume mtu mmoja akauliza, kwa sauti iliyokuwa na kicheko na uchungu pamoja, kama Maalim anaweza kuja kumsomea mkwewe hadithi hiyo. Swali lilikuwa la haki. Wazee waliostahili kuyasikia maneno yale hawakuwamo ukumbini, na wale waliokuwamo hawakuwa na uwezo wa kupunguza hata shilingi moja ya gharama za harusi zao. Kama taasisi ina nia ya kweli, ningeishauri iwaalike wazazi kikao kimoja, hata ikibidi iwatafutie chai nzuri zaidi ya ile tuliyopewa sisi.

Kikao cha Surat Yusuf ndicho kilichonifanya niirudishe nafsi yangu kila wiki, hata siku ambazo joto la ukumbi ule lilikuwa halivumiliki. Nimeisikia sura hiyo tangu chuoni, na kila mara ilifundishwa kama habari ya kijana safi na mwanamke mbaya. Maalim aliisoma polepole. Alisimama kwenye aya ya 24, isemayo kwamba mwanamke alimkusudia, naye angemkusudia lau asingeiona dalili ya Mola wake. Akasimama tena kwenye aya ya 33, ambapo Yusuf anaiona jela kuwa ni bora kwake, na anakiri mbele ya Mola wake kwamba asipomwepushia vitimbi vya wanawake wale atawaelekea. Mtume wa Mungu, alisema Maalim, aliomba msaada kwa sababu aliijua nafsi yake, na hakuhesabiwa kuwa mchafu kwa kuijua. Sikumbuki kusikia jambo hilo likisemwa waziwazi katika darsa yoyote ya mji huu, ambako kijana hufundishwa kwanza kuyaonea haya matamanio yake, na kufundishwa kuyaongoza huja baadaye kama kunakuja.

Maswali huandikwa kwenye vikaratasi visivyo na majina na kutiwa katika kikapu kinachopitishwa pande zote mbili za pazia. Utaratibu huu ni mzuri mno. Ndio uliowezesha yaulizwe mambo ya picha za kwenye simu, ya mapenzi ya maandishi na mtu usiyewahi kumwona, na ya istimnai, ambayo vijana huiita punyeto. Katika hilo la mwisho Maalim alieleza kwamba madhehebu yetu ya Shafii huharamisha kwa kutegemea aya za mwanzo za Surat Muuminun, kisha akataja bila kuficha kwamba wako mafakihi, hasa wa Kihanbali, walioliruhusu kwa anayechelea kuingia katika zinaa. Alijibu kama fakihi, hakupiga kelele, na hakumtisha aliyeuliza kwa habari za vipofu na vichaa.

Upande wetu wa pazia mambo yalikuwa mengine. Mwalimu wa kike tuliyepewa ni mtu mpole na mwenye elimu, lakini alipewa kikao kimoja tu, na kitini chenye kurasa 40 kimeyatengea matamanio ya mwanamke nusu ukurasa, ambao nao umejaa maagizo ya mavazi. Msomaji asiyetujua angedhani kwamba sisi tunasubiri mume kwa ajili ya watoto na jina tu. Haya si mafundisho ya vitabu vyetu vya kale. Imam Ghazali katika kitabu chake Ihya anamwambia mume waziwazi kwamba mkewe ana haja kama yake, kwamba asiharakishe kumwacha kabla naye hajatosheka, na kwamba muda wa kumkaribia hupimwa kwa haja ya mke ya kuhifadhika. Bibi Khadija ndiye aliyepeleka ujumbe wa kutaka kuolewa na Mtume. Umar alipofiwa na mkwewe alikwenda mwenyewe kuwapa Uthman na Abubakar nafasi ya kumuoa binti yake Hafsa. Na imo katika Bukhari habari ya mwanamke aliyejitoa mwenyewe kwa Mtume, ambaye binti yake Anas alimwona hana haya, na Anas akamjibu binti yake kwamba yule ni bora kuliko yeye. Hakuna hata moja katika haya lililosemwa upande wetu. Tuliambiwa tusubiri kwa stara, jambo ambalo tumekuwa tukilifanya bila ya kulipa shilingi 20,000. Wala walimu hawakugusa khofu aliyonayo mwanamke peke yake katika visiwa hivi, ambako sheria ya 1985 iliweza kumtia gerezani mwanamke asiye na mume akishika mimba, na kifungo hicho hakikuondolewa mpaka 2005. Kizazi cha mama zetu kilijifunza kujizuia huku kikilikodolea macho gereza, na khofu hiyo haikwisha kwa kubadilishwa karatasi.

Kikao cha useja kilinikera, ingawa ndicho kilichochekesha zaidi. Maalim alieleza vizuri kwamba utawa wa kuacha ndoa haukuandikwa juu ya watu bali waliuzua wenyewe kwa kutafuta radhi za Mungu, kama isemavyo aya ya 27 ya Surat Hadid. Akataja habari ya wale watu watatu waliokwenda nyumbani kwa Mtume, mmoja akiapa kusali usiku kucha, mwingine kufunga daima, na wa tatu kutooa kamwe, na namna Mtume alivyowakataza. Alimtaja pia Uthman bin Madh'un, aliyetaka kujitenga na wanawake na akakataliwa. Mpaka hapo ilikuwa elimu. Kisha yakafuata mafumbo juu ya mapadri na masista, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kutoka nyumba ile hadi Mkunazini ni mwendo mfupi wa miguu. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, waliohamia Unguja 1864 na baadaye wakajenga kanisa pale palipokuwa soko la watumwa, walifanya kazi bila mshahara, na walitarajiwa kuishi bila ya mke au mume muda wote wa utumishi wao. Caroline Thackeray alikuja 1877, akaiongoza skuli ya Mbweni ya wasichana waliokombolewa kutoka majahazini, hakuolewa, na alibaki hapa hapa mpaka alipofariki 1926. Mimi ni Muislamu na siikubali itikadi iliyomleta, wala sisahau kwamba misheni ile ilikuja kutubadilisha dini. Lakini mwanamke aliyekaa karibu miaka 50 katika nchi ya watu, peke yake chumbani kila usiku, akisomesha watoto wasio na wazazi, si wa kuchekwa na watu waliolipia mafunzo ya kustahimili wiki 6.

Kicheko kile kilikuwa na kosa jingine lililo zito zaidi kwetu. Tuliachwa tuamini kwamba katika Uislamu asiyeoa ni mpungufu, na juu ya jalada la kitini imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndoa ni nusu ya dini, bila ya kutajwa kwamba wanavyuoni wamezungumza mengi kuhusu nguvu ya riwaya hiyo. Imam Nawawi, ambaye Riyadh Salihin yake husomwa katika misikiti yetu, alifariki 1277 bila ya kuoa. Tabari na Ibn Taymiya, wanavyuoni wakubwa wa kale, nao hawakuoa. Na katika Minhaj, kitabu ambacho fikihi ya Kishafii imekitegemea kwa karne nyingi, Nawawi mwenyewe anaeleza kwamba ndoa inapendekezwa kwa anayeihitaji na mwenye uwezo. Kwamba mwenye haja asiye na uwezo anapendekezewa aiache na aipunguze haja yake kwa saumu. Na kwamba asiyeihitaji lakini ana uwezo si makuruhu kwake kuoa, ila kujishughulisha na ibada ni bora. Nabii Yahya anasifiwa katika Surat Al-Imran kwa kujizuia. Mimi sitafuti ruhusa ya kuwa mseja, na nikipata mume mwema kesho nitashukuru. Nilichokitaka ni mwalimu aseme, kwa kutumia vitabu vilivyo kabatini mwake, kwamba mtu aliyepitwa na ndoa bado ni mtu mzima mbele ya Mola wake. Kauli hiyo ingewapunguzia mzigo watu wengi waliokuwa wamekaa kwenye busati lile.

Sasa nifike kwenye kikao cha mwisho, ambacho ndicho hasa kilichonisukuma kuandika. Kiliitwa "Tiba ya Kukata Tamaa," na kilikuwa kifupi kuliko vyote, kwa sababu nusu ya muda ilichukuliwa na utoaji wa vyeti. Maalim alisoma aya ya 87 ya Surat Yusuf, kwamba hawakati tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu ila makafiri, akaonya kwamba kukata tamaa ni dhambi kubwa, akafungua kikapu. Karatasi moja ilisomwa hivi, nami nainukuu kama nilivyoisikia: "Nasali, nafunga, sijaingia katika zinaa. Lakini sioni kwa nini niamke kesho. Nifanye nini?" Ukumbi ulinyamaza pande zote mbili. Jibu lilikuwa kwamba aliyeuliza azidishe adhkari za asubuhi na jioni, na kwamba Inshallah akipata mwenza mambo yatakaa sawa. Kisha ikasomwa karatasi iliyofuata, iliyouliza kuhusu hukumu ya picha za posa kutumwa kwa simu.

Aliyekaa kando yangu, mwanamke aliyetalikiwa mara mbili, aliniinamia akasema, "Dada, mimi hiyo dawa ya mwenza nilikuwa nayo ndani ya nyumba, na usiku nikilia vile vile." Katika wiki zote 6 sikusikia maneno ya kweli zaidi ya hayo, na yalisemwa na mwanafunzi kwa kunong'ona. Swali la karatasi ile halikuwa la ndoa. Mtu aliyeliandika alikuwa ametimiza kila kilichofundishwa katika vikao vya nyuma, akajikuta amefika mahali ambapo utiifu upo lakini hamu ya kuishi haipo, na tukampa onyo kwamba anakaribia ukafiri.

Hata aya yenyewe ilisomwa bila ya mwenyewe aliyeisema. Maneno yale ni ya Nabii Yakub kwa wanawe, anawatuma wakamtafute Yusuf na nduguye, na aya 3 kabla yake tunaambiwa kwamba macho yake yamekuwa meupe kwa huzuni. Mzee aliyelia mpaka akapofuka ndiye anayewaambia wengine wasikate tamaa, na huzuni yake haikuhesabiwa kuwa kufuru. Bibi Maryam, mwanamke aliyesifiwa kwa kujihifadhi kuliko wote, alisema chini ya mtende kwamba laiti angelikufa kabla ya hayo na akawa amesahauliwa kabisa; sauti iliyomjibu, kama tunavyosoma katika sura yenye jina lake, ilimwambia asihuzunike, ikamwonyesha maji na tende, ikamwambia ale na anywe. Hakuambiwa kwamba ametenda dhambi. Na Ghazali, ambaye mlango wake wa kuvunja matamanio mawili, la tumbo na la tupu, umenakiliwa karibu wote katika kitini chetu, alisimulia mwenyewe yaliyompata Baghdad 1095: kwa karibu miezi sita alivutwa huku na huku, ulimi ukafungika asiweze kusomesha, chakula kikawa hakishuki, na matabibu wakasema kwamba maradhi yameanzia moyoni. Aliacha kiti cha ualimu wa madrasa ya Nizamiya, mojawapo ya vyeo vikubwa vya elimu katika zama zake, akaondoka. Alikuwa na elimu yote iliyopo, na alikuwa na familia. Taasisi iliyokinakili kitabu chake ingeweza kutunakilia na habari hiyo, kwa kurasa 2 tu, na aliyeandika karatasi ile angejua kwamba yuko katika kundi la watu wenye heshima.

Angestahili pia kuambiwa kwamba hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu ipo, kwamba wanaokwenda huko si wendawazimu wa kufungwa kamba tu kama tunavyotishana tangu utotoni, na kwamba kumwona daktari hakupunguzi tawakali. Matabibu wa Ghazali walijua mpaka wa elimu yao na wakausema. Walimu wetu hawakuusema wa kwao.

Baada ya sala ya Magharibi nilimsubiri Maalim chini, nikamwamkia, nikamweleza haya kwa adabu niliyoiweza. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kila mwalimu hulifanya kwa mwanamke aliyesimama uchochoroni. Akaniambia, "Mwanangu, haya sisi wenyewe hatukusomeshwa namna ya kuyajibu. Mtu akituuliza ya tohara na ya talaka tunajibu. Akituuliza hili, tunaogopa." Akaomba nimwandikie zile aya na ile habari ya Ghazali, nami nimempelekea. Kama yataingia katika kitini kipya au la, watakaohudhuria awamu ijayo watatuambia.

Kwa anayejiuliza kama alipe: kijana wa kiume anayesumbuliwa na matamanio na anayetaka kusikia fikihi ya kweli isiyo na vitisho, alipe bila ya kusita, kwani vikao vitatu vya mwanzo peke yake vinatosha kwa ada hiyo. Mwanamke aende pia, lakini asitegemee kikao cha upande wetu. Atege sikio upande wa pili na awe mwepesi wa kutia vikaratasi. Aliyetalikiwa atajikuta amesahauliwa kwa sehemu kubwa, maana kitini kinamzungumza kila mtu kama ambaye hajawahi kuingia chumbani. Na mwenye kuhisi kama alivyohisi mwandishi wa karatasi ile asiingoje darsa ya wiki ya sita: amwambie mtu wake wa karibu leo, na aende hospitali akifuatana naye.

Usajili wa awamu ijayo hufanyika pale pale baada ya Alasiri. Wanawake huingia kwa mlango wa uchochoroni, na wanaotaka kusikia wafike mapema wakae karibu na pazia, kwa sababu spika ya upande wetu ni mbovu na feni iliyopo ni moja.